Kijana anataka kujenga droni: tununue nini kwanza?

Ndugu wafanyakazi, mama wa nyumba, na ninyi vijana mnaosoma gazeti hili nyuma ya bega la baba,

Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia ngumu, viatu vya kazi, mavumbi na ngazi mbovu. Leo tutaacha shimo na atelie, tutaingia nyumbani, mpaka kwenye meza ambapo mama anachambulia sombe. Kwani ni juu ya meza ile ile kijana wa siku hizi anatandika waya, moteri nne ndogo na betri moja yenye karatasi ya rangi nzuri, kisha anasema: «Baba, ninajenga droni.»

Hasemi ile droni ya kununua tayari katika boksi. Anasema ile inayoitwa FPV. Ni kindege cha mapanga manne, chenye kamera mbele. Mrushaji anavaa miwani kubwa inayofunika macho yote mawili, na anaona sawa na mtu aliyekaa ndani ya kindege chenyewe. Kinakimbia kupita motokari, kinapinduka hewani, kinapita chini ya matawi ya mwembe. Vijana wanajifunza kukijenga kwa kutazama picha katika simu.

Je, tuwakataze? Hapana. Kijana anayejenga kindege kimoja kwa akili atajifunza umeme, redio, kulehemu na programu kupita yule anayekaa barabarani. Hata makampuni ya madini yanatumia droni kwa kupima marundo ya mawe na kwa kutazama kuta za mashimo ambapo mtu akikaribia anaweza kuangukiwa. Lakini kindege hiki kina moto ndani yake na kina visu vinne. Ajali zake nyingi hazianzi siku ya kuruka. Zinaanza siku ya kununua.

Jirani yangu mmoja ni fundi wa umeme, kazi yake ya miaka mingi. Alimnunulia mtoto wake vipande kimoja kimoja, kila mwisho wa mwezi. Moteri mwezi wa kwanza, kwani ndizo zinapendeza macho. Kisha kiunzi, kisha mbao za umeme, kisha kamera. Betri ilikuja mwezi wa tano. Muuzaji alimwambia: «Chukua hii ya seli sita, ndiyo yenye nguvu.» Moteri na mbao zilikuwa za seli nne. Kijana akachomeka. Wakasikia mlio kama kijiti kikavu kinavunjika, kisha moshi, kisha ile harufu ambayo kila mtu wa umeme anaijua. Kijana akakamata waya kwa mkono ili achomoe betri, na gamba la waya lilikuwa limekwisha yeyuka. Vidole viwili viliungua. Akiba ya miezi mitano ilikwisha mbele ya chai kupoa.

Nilimuuliza jirani: kule kazini, unaweza kuwasha kabati jipya la umeme bila kupima? Alicheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha.

Betri ichaguliwe kwanza, inunuliwe mwisho

Fahamu vema neno hili, kwani mengine yote yanatoka kwake. Katika droni ya kujenga, betri ndiyo inayoamuru moteri gani, ubao gani, chaja gani, waya mnene namna gani. Mtu anayeanza na moteri anafanana na mtu anayenunua pampu bila kuuliza kama mtambo wa umeme wa pale ni wa volti ngapi.

Betri za kindege hiki zinaitwa lipo, yaani betri za litiamu za mfuko laini. Wengi wetu tumechimba kitu kinachoingia ndani yake: katika betri nyingi za namna hii mna kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo yetu. Inatoka Kolwezi ikiwa mawe, inarudi ikiwa donge la kuenea kiganjani. Ni vema tuijue tabia yake ikirudi.

Seli moja ya lipo ina volti 3,7 za kawaida. Ikijaa kabisa ina 4,2, wala isipite hapo hata kidogo. Ikishuka chini ya 3 inaharibika, kwa hiyo mrushaji mwenye akili anatua ikiwa bado na 3,5 hivi. Seli zikiunganishwa kwa mstari, volti zinajumlishwa. Juu ya betri utaona imeandikwa 4S: ni seli nne, volti 14,8 za kawaida, na 16,8 ikijaa. Ukiona 6S, ni seli sita, volti 22,2, na 25,2 ikijaa. Siku hizi vindege vingi vya mapanga ya inchi 5 vinatumia 6S. Pamoja na hiyo, kwa mtu anayejenga mara ya kwanza mimi ningechagua 4S ya miliamperi-saa 1500. Ina seli chache za kulinda, na kama mtakavyoona mbele, inapimika kwa taa ya motokari ya kawaida.

Msidharau donge hili. Betri nzuri ya 4S inaweza kutoa amperi 100 kwa muda mfupi. Hesabu mwenyewe: ni zaidi ya wati 1000, sawa na pasi ya umeme inayowaka yote. Waya wake mwekundu ukigusa mweusi, nguvu hiyo yote inatafuta njia kwa mara moja, na haina fyuzi ya kuizuia. Tena kuna namba nyingine yenye herufi C, 100C ao 120C, ambayo ingeonyesha namna betri inavyoweza kutoa amperi kwa haraka. Wauzaji wengi wanaongeza namba hii ili kuvuta wanunuzi. Usinunue betri kwa sababu ya C kubwa. Tazama kama mfuko wake ni bapa bila kuvimba, kama plagi yake ya njano, inayoitwa XT60, imelehemiwa vizuri, na kama seli zote zina volti karibu sawa.

Kwa nini basi inunuliwe mwisho? Kwanza, kwa sababu betri inazeeka hata ikilala katika kabati, na ikilala imejaa inazeeka upesi. Pili, kijana akiwa na betri mkononi mbele ya kazi kumalizika, atajaribu tu. Subira haikai katika nyumba moja na betri iliyojaa!

Lakini mbele ya kuchagua, uliza kama betri ya namna hiyo inapatikana Lubumbashi, Likasi ao pale unapokaa. Tangu mwaka 2016 sheria za ndege za dunia zimekataza kupakia betri za litiamu zilizo peke yake kama mizigo katika ndege za abiria. Kwa hiyo vipande vingine vinaweza kufika upesi, na betri ikachelewa kwa njia ya barabara. Ndugu anayerudi safarini anaweza kukuletea, lakini aiweke katika mfuko wa mkononi anaoingia nao ndani ya ndege, wala si katika valizi ya chini, na afunike plagi kwa utepe. Betri yetu ya 4S ina wati-saa 22 hivi, na mpaka wa kawaida wa mfuko wa mkononi ni wati-saa 100. Hata hivyo aulize kampuni ya ndege mbele ya siku ya safari.

Moteri na mbao zake

Sasa moteri. Juu yake kuna namba mbili. Ya kwanza ni kama 2207 ao 2306: tarakimu mbili za mbele ni upana wa chuma cha ndani kwa milimeta, mbili za nyuma ni urefu wake. Hizo mbili zinafaa kwa panga la inchi 5. Namba ya pili ndiyo iliyomponza mtoto wa jirani, inaitwa KV. Inaonyesha moteri inazunguka mara ngapi kwa dakika kwa kila volti moja, ikiwa haina mzigo. Moteri ya KV 2400 juu ya 4S iliyojaa: 2400 mara 16,8, ni mizunguko 40 320. Juu ya 6S: ni 60 480. Hakuna aliyeitengenezea mbio hizo pamoja na panga la inchi 5. Kwa 4S tafuta kati ya KV 2400 na 2700. Kwa 6S tafuta kati ya 1700 na 1950. Usichanganye.

Chini ya moteri kuna ubao unaogawa nguvu kwa moteri zote nne, unaitwa ESC. Chukua wa amperi 45 ao zaidi kwa kila moteri, unaokubali 3S mpaka 6S, ili kosa la seli lisiuue ubao. Juu yake unakaa ubao wa ubongo, unaopokea amri na kusawazisha kindege. Nunua hizi mbili pamoja, za mtengenezaji mmoja, zenye matundu ya skrubu yaliyoachana milimeta 30,5. Zikiwa za mtengenezaji mmoja, waya mwembamba wa katikati unaingia bila kubadilisha. Zikiwa za watu wawili, inawezekana mpangilio wa waya ukawa mbalimbali, na volti za betri zikaingia mahali pa volti 5. Mbao nyingi zimekufa kifo hicho. Mbele ya kuchomeka, soma karatasi ya ubao, fuata waya mmoja mmoja kwa kidole.

Pamoja na ubao utapata kondensateri moja, kipande kama kopo dogo. Vijana wanaitupa kwa sababu hawaoni kazi yake. Inameza mapigo ya umeme moteri zinapofunga breki. Ilehemu karibu sana na mahali waya za betri zinapoingia, mguu wa kasoro upande wa waya mweusi. Ukiigeuza itapasuka kama risasi.

Juu ya kiunzi sina mengi. Ni cha kaboni, mikono yenye unene wa milimeta 5, na uchague ambacho mkono mmoja ukivunjika unabadilishwa peke yake. Jueni tu kwamba kaboni inapitisha umeme, kwa hiyo waya uliochubuka ukigusa kiunzi, umegusa kila kitu. Ukipiga tupa kwenye kaboni, fanya nje, lowesha maji, vaa kinga ya pua. Watu wa mgodi hawahitaji kufundishwa habari ya mavumbi na mapafu.

Juu ya kamera na miwani: kuna picha za namna ya zamani, za analogi, na kuna za dijitali. Za analogi picha yake ni mbaya kidogo, lakini kindege kikianguka hasara ni ndogo, na kitaanguka. Neno moja tu la kushika: kamera, mtambo wa kurusha picha na miwani viwe vya ukoo mmoja, ama sivyo utanunua mara mbili.

Pesa ya kwanza iende wapi?

Iende kwenye telekomandi. Baba, sikiliza jambo hili, litakuokoa franka nyingi. Telekomandi nzuri inaweza kuunganishwa na ordinateri kwa waya, na kijana akarusha droni ya mchezo katika kioo, akaiangusha mara mia bila kuvunja kitu. Arushe hivyo saa kumi na tano ao ishirini. Akichoka katika wiki ya pili, umepoteza telekomandi tu, na utaiuza. Asipochoka, telekomandi ile ile itaendesha kila droni atakayojenga. Aangalie tu kwamba kipokezi atakachonunua kinasema lugha moja na telekomandi. Siku hizi lugha ya ExpressLRS inafaa, inasikika mbali, na vipokezi vyake si ghali.

Pesa ya pili iende kwenye vyombo, wala si kwenye moteri. Kwanza multimeta, chombo cha kupimia volti. Kisha chuma cha kulehemu chenye kupimwa joto, cha wati 60 ao zaidi. Chuma kidogo cha kurekebishia redio hakitoshi, kwani waya mnene wa betri unakula joto lake, bati haliyeyuki vema, na mshono unakuwa wa kijivu, wenye chembechembe. Mshono huo unashika mezani na unaachia hewani. Kisha bisibisi za pembe sita za milimeta 1,5, 2 na 2,5 za chuma kigumu, ufunguo wa 8 kwa nati za mapanga, na koleo ya kukatia waya. Ongeza gundi ya bluu ya kushika skrubu za moteri zisilegee. Na skrubu hizo zisiwe ndefu kupita kiasi, kwani zikipenya mpaka kwenye waya wa shaba ndani ya moteri, moshi utakuja hata kama mengine yote ni sawa.

Miwani ya kazi mnayo. Kijana aazime ya baba.

Kisha chaja. Iwe chaja ya lipo inayosawazisha seli, yaani ile inayopokea plagi mbili za betri: ya njano nene, na ile nyeupe yenye waya nyembamba tano. Waya hizo tano ndizo zinazoiambia chaja hali ya kila seli. Chaja ya betri ya motokari haifai kabisa hapa! Chaja nyingi za lipo zinaweza kula umeme kutoka betri ya motokari ya volti 12, na hilo ni jambo jema pale umeme wa mji unapokatika na kurudi kama unavyotaka. Betri ya 1500 ichajiwe kwa amperi 1,5. Itachukua saa moja hivi, na saa hiyo mtu awe pale, macho wazi.

Taa ya breki

Chombo cha mwisho hakiuzwi kwa bei kubwa, na gereji yoyote inacho: taa ya breki ya motokari, ya volti 12 na wati 21. Lehemu taa hiyo katikati ya waya mwekundu kati ya plagi mbili za XT60, ili umeme wa betri upite ndani ya taa mbele ya kufika kwenye droni. Taa hairuhusu kupita zaidi ya amperi 2 hivi. Pale ambapo betri ingetupa amperi 100 ndani ya kosa lako, sasa inaweza kutupa 2 tu. Mwenye kutumia 6S atafute taa ya lori, ya volti 24.

Siku ya kwanza ya umeme iende hivi. Mapanga hayapo. Hayapo kabisa, yako katika mfuko, na mfuko uko chumba kingine. Panga la inchi 5 likizunguka mara 20 000 tu kwa dakika, ncha yake inakwenda zaidi ya kilometa 450 kwa saa. Halichubui kidole, linakata mpaka mfupa, na moteri inaweza kuanza kwa kosa la programu ao kwa kidole kilichogusa telekomandi. Kisha mtambo wa kurusha picha uwe na antena yake, kwani ukiwashwa bila antena unaungua wenyewe.

Chukua multimeta, weka upande wa mlio, gusa pembe mbili za plagi ya droni bila betri. Ikilia kidogo na kunyamaza, ni kondensateri inajaa, hakuna neno. Ikilia bila kunyamaza, mwekundu na mweusi vinagusana mahali fulani. Tafuta pale, usichomeke. Ikinyamaza, sasa chomeka betri kupitia taa. Taa ikimulika mara moja na kuzimika, ao ikabaki na wekundu hafifu, kindege ni kizima. Taa ikiwaka sana na kubaki inawaka, chomoa mara moja. Bado una mbao zako, bado una vidole vyako, tafuta kosa bila haraka.

Baadaye kijana ataunganisha ubongo na ordinateri na kufungua Betaflight, programu ya bure ya kupanga droni. Kwa waya wa ordinateri peke yake moteri hazizunguki, na mambo mengi yanapangwa hivyo bila betri. Lakini jambo moja lisirukwe: betri ikiwa imechomekwa, moteri zikizunguka polepole bila mapanga, azime telekomandi. Moteri lazima zisimame zenyewe. Zisiposimama, droni hiyo haitoki nyumbani.

Mama, hapa ni kwako

Kulehemu kunatoa moshi mweupe. Moshi huo unatoka katika dawa ya utomvu iliyo ndani ya waya wa bati, na wanaouvuta siku nyingi wanaweza kupata pumu. Dirisha liwe wazi, kichwa kisiinamie moshi. Bati lenyewe, lile linaloyeyuka vizuri kwa mwanafunzi, ni mchanganyiko wa bati 63 na risasi 37 kwa mia, na linayeyuka kwa joto la 183. Risasi hiyo haipandi na moshi kwa joto la chuma chetu. Inakaa vidoleni, na kutoka vidoleni inaingia katika bukari. Watoto wadogo ndio inaowaumiza zaidi, katika akili na katika damu. Kule Kabwe, ngʼambo ya Zambia, mgodi wa risasi ulifungwa mwaka 1994, na mpaka leo udongo wa mitaa ya karibu una risasi inayoingia katika damu ya watoto. Mezani kwako ni kiasi kidogo sana kupita kule, lakini sheria ni moja: kijana asilehemu juu ya meza ya chakula. Atafute ubao wake, aupanguse kwa kitambaa chenye maji, anawe mikono kwa sabuni. Wala asiyeyushe bati la zamani kwenye mbabula ya kupikia.

Betri isichajiwe katika chumba cha kulala, wala usiku watu wakilala, wala juu ya godoro, wala mlangoni ambapo moto ungefunga njia. Ichajiwe juu ya simenti, katikati ya bloki, mbali na pazia na na mafuta ya taa. Ikikaa zaidi ya siku mbili tatu bila kutumika, ishushwe ao ipandishwe mpaka volti 3,8 kwa kila seli, chaja nzuri inafanya hivyo yenyewe, kisha iwekwe katika kopo la chuma ambalo kifuniko hakikufungwa kwa nguvu. Kopo lililozibwa kabisa linaweza kupasuka.

Betri iliyovimba kama samaki wa siku tatu isitobolewe, isikandwe, isichajiwe tena. Itolewe nje. Ikianza kutoa moshi, usiikamate, usiiname juu yake, kwani moshi wake ni sumu ya mapafu. Watoto nje kwanza. Kisha maji mengi kutoka mbali, kwa kupoza. Mchanga unazuia moto usitambae, lakini haupozi, na betri inaweza kuwaka tena baada ya kuonekana imezimika. Iache nje saa nyingi.

Mahali pa kuruka

Mbele ya kuruka, ulizeni ruhusa. Ndege za raia, pamoja na droni, ni kazi ya Autorité de l'Aviation Civile, na mkuu wa mtaa naye ajue. Katika vita vya siku hizi droni za FPV zimebeba mabomu, na askari akiona kijana mwenye miwani na antena hatajua kama ni mchezo.

Chini ya waya kubwa za umeme, hapana. Waya zile zinazotoka Inga mpaka Kolwezi tangu mwaka 1982, kilometa 1700 hivi, zina volti 500 000, na tumekwisha sema kwamba kaboni inapitisha umeme. Kindege kikinasa kwenye waya, hata waya ndogo ya mtaani, hakuna fimbo, hakuna mtoto wa kupanda nguzo.

Na neno hili ni kwa baba wenyewe, kwani kuna wanaotamani kuwaonyesha wenzao wa kazi. Telekomandi ni redio. Mtambo wa picha ni redio. Pale wanapopanga baruti yenye fataki za umeme, mawimbi ya redio yanaweza kuingia katika waya za fataki na kuiwasha mbele ya saa. Ndiyo sababu pale mlangoni mnaambiwa mzime simu. Droni ya mtoto haiingii eneo la mgodi, hata ikiwa imezimwa ndani ya mfuko, hata Jumapili. Kama umekwisha ileta katika motokari, iache kwa mlinzi wa lango, telekomandi imezimwa na betri imechomolewa, na uandike jina lako katika daftari lake.